Tarantula kwenye baridi na joto: njia nne za kumtunza majira yakibadilika

Kila ifikapo Oktoba, hita za nyumba zinapowashwa Minneapolis, Toronto na Berlin, wafugaji wa tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, huulizana swali lile lile: ninunue mkeka wa joto wa umeme, nipashe chumba kizima, nitengeneze kabati la joto, au nimwache alivyo? Majibu hugongana kwa sababu kila anayejibu anamfikiria buibui wake mwenyewe. Mwenye Grammostola wa Chile, yule mgumu wa nchi kavu, atakuambia acha, hana shida. Mwenye Theraphosa blondi, yule mkubwa wa misitu ya Guyana na Venezuela, atakuambia ukiacha utamuua. Wote wawili wanasema kweli.

Hapa nazipima njia hizo nne kwa vigezo vile vile, ili kila mtu ajichagulie kulingana na buibui alionao na nyumba anayoishi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: katika nyumba ya kawaida ya watu, naiogopa zaidi hewa kavu na mkeka uliowekwa vibaya kuliko baridi yenyewe.

## Vigezo

Joto. Tarantula hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata hewa iliyomzunguka. Spishi nyingi zinazofugwa huishi bila shida kati ya nyuzi 20 na 28 za Selsiasi, yaani 68 hadi 82 za Farenhaiti. Ndani ya upeo huo kinachobadilika ni kasi. Kukiwa na joto anakula sana, anakua haraka na kujivua gamba mara nyingi. Kukipoa yote matatu yanapungua. Watu hujisahau hapa wakadhani kasi ni afya. Dume aliyeharakishwa hukomaa mapema na hufa mapema. Jike wa Brachypelma hamorii, mwenye magoti mekundu kutoka pwani ya Pasifiki ya Meksiko, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbiza.

Unyevu. Kigezo hiki wengi hukiruka, nami ndicho ninachokipa uzito mkubwa. Hewa ya nje yenye nyuzi 0 haibebi zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke wa maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 22, hewa hiyo ingeweza kubeba gramu 19, lakini maji yaliyomo bado ni yale yale matano. Unyevu wake unaporomoka hadi kiasi cha asilimia 25, hata kama nje kulikuwa na ukungu mzito. Kadiri unavyopasha ndivyo unavyokausha. Na tarantula hunyoosha miguu kwa kusukuma majimaji ya mwili, maana viungo vyake vikuu havina misuli ya kunyooshea. Akikaukiwa, tumbo hunywea, kisha miguu hujikunja chini ya mwili. Ukimwona hivyo, msogeze kinywa chake kwenye ukingo wa kisahani cha maji. Habari za joto zitafuata baadaye.

Hitilafu. Kifaa kikizimika, buibui hupoa polepole na mara nyingi hupona. Kikigoma kuzimika, anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kitatokea nini kikiharibika, kabla hujauliza kinapasha vizuri kiasi gani.

Gharama. Nahesabu kwa uniti za umeme, kwa kuwa bei ya uniti ya Hamburg siyo ya Dallas wala ya Nairobi.

Kipindi cha joto. Njia nzuri ya Januari inaweza kuwa mtego mwezi Julai. Tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, Uingereza, kilipima nyuzi 40.3, rekodi ya nchi hiyo, na nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa ajili ya kuhifadhi joto.

## Jua kwanza uliye naye

Kwa kazi yetu hapa tarantula tuwagawe mafungu matatu, ingawa wataalamu watanung'unika.

Kuna wagumu wa nchi kavu: Brachypelma na Tliltocatl wa Meksiko na Amerika ya Kati, Grammostola wa Chile, Uruguay na kusini mwa Brazili, Aphonopelma wa Marekani. Hawa kwao kuna majira ya kweli. Aphonopelma hentzi wa Oklahoma na Colorado huziba mdomo wa shimo lake na kungoja baridi ipite. Grammostola wa Chile anajulikana kwa kususa chakula miezi kadhaa bila kukonda, na mwenye nyumba ndiye anayekosa usingizi.

Kuna wa misitu yenye unyevu: Theraphosa, na wale wa mitini kama Caribena versicolor wa Martinique. Hawa wanataka hewa yenye maji, lakini yule wa mitini anataka pia hewa inayopita. Ukimfungia kwenye mvuke uliosimama atakufa kwa uharaka ule ule wa ukavu.

Na kuna watoto wa spishi yoyote, wenye miguu ya sentimeta moja au mbili. Mwili wao ni mdogo, maji hupotea haraka, na kosa ambalo mtu mzima angelivumilia wiki nzima humuua mtoto kwa siku mbili.

Wa kwetu, Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa ambaye wafugaji humwita kwa jina la Usambara, namweka fungu la kwanza kwa upande wa unyevu: anapenda udongo mkavu, anafuma utando mwingi, na joto kali halimsumbui. Hana nywele za kuwasha za kumrushia adui kama jamaa zake wa Amerika. Anajilinda kwa kasi na kwa chonge, na kuumwa naye kuna maumivu makali. Jambo hilo linahusika na majira, kwa sababu buibui mwenye joto ni mwepesi kuliko aliyepoa. Kazi ya kumhamisha kasha ifanye asubuhi chumba kikiwa bado baridi.

## Njia ya kwanza: kuacha joto la nyumba lifuate majira

Joto. Unaishi naye katika joto lako mwenyewe. Kama wewe unakaa sebuleni na fulana ndefu bila kutetemeka, chumba kina nyuzi 19 hadi 22, na fungu la kwanza halihitaji zaidi. Usiku kikishuka hadi 17, mtu mzima mwenye afya hana neno. Mabadiliko ya polepole kati ya mchana na usiku yapo hata porini. Cha kuepuka ni kasha kukaa dirishani au juu ya hita, ambako joto hupanda na kushuka ghafla mara kadhaa kwa siku.

Unyevu. Hapa njia hii ina nafuu, kwa vile hakuna chanzo cha joto kinachokausha kasha moja kwa moja. Lakini hita ya nyumba ipo, na hesabu ya gramu tano inabaki pale pale. Kisahani cha maji kijae muda wote. Kwa wa nchi kavu lowesha kona moja ya udongo mara moja kwa wiki mbili hivi; mimina maji kwa bomba la sindano yashuke chini, usinyunyizie juu juu, maana unyunyizaji hukauka kabla ya jioni na wengine huuchukia.

Hitilafu. Hakuna cha kuharibika isipokuwa hita ya nyumba yenyewe.

Gharama. Sifuri.

Kipindi cha joto. Hakuna kifaa cha kukumbuka kuzima. Kasha likiwa mahali pa chini, mbali na jua, umemaliza nusu ya kazi.

Inamfaa mwenye buibui mmoja au wawili watu wazima wa fungu la kwanza, na asiye na haraka ya kuwaona wakikua. Haimfai mwenye nyumba inayoshuka chini ya nyuzi 16 usiku, wala mwenye watoto wadogo wa spishi za kitropiki. Kasoro yake kubwa ni subira inayodaiwa: buibui atakula nusu ya kile alichokula Agosti, na mfugaji mgeni atadhani anaumwa.

## Njia ya pili: kupasha chumba kizima

Joto. Hita ya umeme iliyojazwa mafuta, yenye thamostati (swichi inayoizima na kuiwasha yenyewe kufuata joto ulilopanga), katika chumba kidogo kilichofungwa mlango. Ukiiweka nyuzi 23 au 24, makasha yote yanapata joto linalokaribiana na hakuna sehemu ya moto ya kumchoma mtu. Kwa kuwa hewa moto hupanda, rafu ya juu inaweza kuzidi ya chini kwa nyuzi kadhaa. Faidika na hilo: watoto na wa kitropiki juu, Grammostola chini karibu na sakafu.

Unyevu. Hii ndiyo njia inayokausha zaidi, kwani unapasha hewa yote ya chumba kisha hewa hiyo inafyonza maji kutoka kila kasha. Wa fungu la pili watahitaji kuangaliwa kila siku mbili, tatu. Mashine ya kuongeza unyevu chumbani husaidia, lakini nimeona watu wakikigeuza chumba kuwa bafu, ukungu ukapanda ukutani na mwenye nyumba akaja na barua. Bora kulowesha udongo wa ndani ya kasha, sentimeta nyingi za makumbi ya nazi zilizokandamizwa, ambazo hushika maji chini huku juu pakibaki pakavu.

Hitilafu. Chumba ni kikubwa na hakipandi joto kwa ghafla. Thamostati ikikwama usiku, utaamkia chumba cha nyuzi 30, jambo baya lakini linalovumilika. Hita ikizimika, kuta na samani zina joto la akiba la saa kadhaa.

Gharama. Hapa ndipo inapoumia. Hita ya wati 1,500 ikiwaka jumla ya saa nane kwa siku inakula uniti 12. Kwa mwezi ni uniti 360. Mwenye makasha hamsini akigawanya, kila buibui ana uniti saba na kidogo. Mwenye makasha mawili amekodishia wadudu nyumba.

Kipindi cha joto. Chumba kilichozibwa vizuri kwa ajili ya baridi hugeuka tanuri Julai. Lazima kiwe na dirisha linalofunguka na pazia zito, au kiyoyozi.

Inamfaa mwenye makasha mengi ya spishi mchanganyiko na chumba cha ziada, pia anayezalisha. Anayekaa studio anaweza kuipata bila kukusudia, kwa kuwa chumba anachojipashia ndicho hicho hicho wanachokaa buibui.

## Njia ya tatu: kabati la joto

Chukua kabati la vioo, hata lile la IKEA la kuonyeshea vyombo, au friji mbovu iliyotolewa mashine. Bandika ukutani kwa ndani mkeka mmoja au miwili midogo, iunganishe na thamostati, tundika kihisi katikati, weka feni ndogo ya kompyuta ya kuzungusha hewa.

Joto. Ni thabiti kuliko njia zote. Nje ya mlango panaweza kuwa na nyuzi 15, ndani pakabaki 25 mwezi mzima. Bila feni utaona tofauti kubwa kati ya juu na chini, na baadhi ya wafugaji huiacha makusudi ili kila rafu iwe na tabianchi yake.

Unyevu. Hewa haibadilishwi kwa wingi, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye makasha hubaki yakizunguka ndani ya kabati. Kwa Theraphosa katikati ya Januari ya Kanada, sijui njia iliyo rahisi kuliko hii. Upande wa pili wa sarafu ni kuvu, utitiri na vinzi wadogo, ambao hustawi palepale penye joto, maji na hewa iliyosimama. Mabaki ya nyenje au mende yatolewe kabla ya saa 24 kwisha. Mlango ufunguliwe kidogo kila siku. Wa nchi kavu wakikaa kabati moja na wa msituni, mmoja wao atakuwa anaishi kwa taabu.

Hitilafu. Hapa tulia usome. Kabati ni dogo na limezibwa, hivyo thamostati ikikwama kwenye "washa" joto halina pa kwenda, na unaweza kupoteza wote kwa usiku mmoja. Kinga ipo mara mbili. Ya kwanza ni kuchagua mkeka wa wati chache kiasi kwamba hata ukiwaka bila kuzimika hauwezi kufikisha kabati nyuzi 32. Lijaribu kabla hujaingiza buibui: washa moja kwa moja bila thamostati, funga mlango, rudi kesho usome kipimajoto. Kinga ya pili ni thamostati mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, ya pili ikiwa imewekwa nyuzi tatu juu ya ile ya kwanza. Ya kwanza ikigoma, ya pili inakata umeme.

Gharama. Ujenzi unakula pesa mwanzoni. Baada ya hapo, mikeka miwili ya wati 15 ikiwaka nusu ya siku hula uniti 0.36 tu kwa siku. Linganisha na zile 12 za chumba.

Kipindi cha joto. Toa waya ukutani, acha mlango wazi, na siku za joto kali watoe kabisa uwashushe sakafuni. Vioo vikipigwa na jua, kabati linapita joto la chumba kwa mbali.

Inamfaa mwenye makasha kumi hadi thelathini hivi, anayeishi nyumba ya baridi, au mwenye watoto wengi wadogo. Kama hupendi kucheza na nyaya na vipimo, liache.

## Njia ya nne: mkeka wa joto ubavuni mwa kasha

Ni njia inayouzwa zaidi madukani, na inayoharibiwa zaidi nyumbani.

Joto. Kosa la kwanza liko kwenye jinsi unavyouzwa, mara nyingi kwa ajili ya kuwekwa chini ya kasha kama wa mijusi. Tarantula porini akihisi joto kali huchimba kwenda chini, ambako udongo ni baridi. Ukiweka moto chini, umemgeuzia dunia: anachimba kutafuta ubaridi na kila sentimeta anayoshuka inazidi kuwaka. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, anayechimba shimo refu na kukaa humo karibu maisha yake yote, hana ulinzi wowote dhidi ya mpango huo. Mkeka ubandikwe ubavuni kwa nje, juu ya usawa wa udongo, ufunike theluthi ya ubavu mmoja tu, ili upande mwingine ubaki wa baridi na buibui ajichagulie. Kasha la plastiki laini linaweza kupinda. Kioo ni bora. Wengine huuning'iniza ubao wenye mkeka sentimeta chache nyuma ya makasha kadhaa, na hiyo naiona njia ya upole zaidi.

Unyevu. Upande ulio na mkeka hukauka kwanza. Mimina maji upande huo huo mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea, na kisahani kikae upande wa baridi kisije kukauka ukiwa safarini.

Hitilafu. Bila thamostati usinunue. Kihisi kikae kati ya mkeka na kioo, kwani ukikiweka ndani ya kasha buibui anaweza kukifunika utando au udongo, kikasoma baridi, mkeka ukaendelea kuwaka. Ukikishika kioo kwa kiganja na ukashindwa kuacha mkono hapo, ni moto mno.

Gharama. Wati saba hadi 15 kwa kasha, na thamostati moja inaweza kuhudumia mikeka kadhaa. Makasha yakizidi matano, hesabu inaanza kukusukuma kwenye kabati.

Kipindi cha joto. Uchomoe. Usitegemee thamostati ikufanyie kazi hiyo mwezi wa saba.

Inamfaa mwenye kasha moja au matatu, chumba kinachoshuka chini ya nyuzi 18, na spishi inayopenda joto. Taa za joto sizipi nafasi katika ulinganisho huu. Hukausha, na tarantula hana haja ya kuota jua.

## Mambo ambayo hayabadiliki kwa njia yoyote

Kujivua gamba hakungoji majira. Buibui anayesusa Desemba anaweza kuwa anapumzika kwa sababu ya baridi, au anajiandaa kuvua. Kwa wale wa Amerika wenye kipara tumboni, kipara kikigeuka kutoka rangi ya ngozi kuwa cheusi, gamba jipya liko chini yake. Toa chakula hai chote, jaza maji, usimguse. Akilala chali hajafa, anavua gamba. Baada ya hapo subiri chonge ziwe nyeusi tena kabla ya kumlisha: wiki moja kwa watoto, mbili au zaidi kwa wakubwa.

Kuna pia dume aliyekomaa anayezunguka kasha usiku kucha kuanzia Agosti. Wanaoishi karibu na La Junta, Colorado, huwaona madume wa Aphonopelma wakivuka barabara kati ya Agosti na Oktoba wakitafuta majike. Wako anafanya hilo hilo ndani ya sentimeta thelathini, na hakuna joto wala unyevu utakaomtuliza.

Chakula kifuate joto. Aliye kwenye nyuzi 25 mwaka mzima hula mwaka mzima. Aliye kwenye nyuzi 19 apewe nyenje mmoja pale ulipokuwa unatoa wawili, na akikataa mtoe nyenje huyo. Anaweza kumng'ata buibui anayevua gamba.

## Kwa hali yako

*Una Brachypelma au Grammostola mmoja, mtu mzima, nyumba yenye hita ya kawaida.* Njia ya kwanza inatosha. Pesa ya mkeka nunulia udongo mzuri na kipimajoto.

*Una watoto kumi uliowaagiza kwenye maonyesho ya wadudu, na ghorofa yako mwenye nyumba huzima hita saa nne usiku.* Kabati dogo, au boksi la polistireni lenye mkeka wa wati chache ukutani. Vikopo vyao viguse unyevu wa chini muda wote.

*Una Theraphosa mahali penye theluji.* Kabati, au chumba kilichopashwa kama tayari unacho. Mkeka wa ubavuni unaweza kufanya kazi ila utakuwa mtumwa wa bomba la sindano.

*Una Caribena au wa mitini mwingine.* Chumba au joto la nyumba ni salama kuliko kabati lililofungwa. Matundu ya hewa yawe pande mbili zinazotazamana.

*Umeme wako hauaminiki.* Februari 2021 dhoruba ya baridi iliwaacha mamilioni ya watu wa Texas gizani kwa siku kadhaa, na kila aliyetegemea waya alitafuta njia nyingine. Weka tayari boksi la polistireni na chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo. Vifuko vya joto vya kemikali vinafaa pia, lakini hula oksijeni, kwa hiyo visifungiwe na buibui mahali pasipopitisha hewa.

*Uko Nairobi, Limuru au Arusha.* Juni hadi Agosti nyumba hazina hita na sakafu ni barafu. Inua makasha kutoka sakafuni, weka chumba cha ndani, na kwa wa nchi kavu hilo latosha. Watoto watahitaji boksi lenye mkeka. Usimchimbue wa porini. Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kujaribu kusafirisha chungu (sisimizi) hai, na hao walikuwa chungu tu. Kwa Kenya, ruhusa ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, itafute kabla ya buibui.

*Uko Dar es Salaam, Mombasa au Unguja.* Kupasha sahau. Masika hewa yenyewe inatoa unyevu, hivyo ongeza matundu, punguza maji, na angalia kuvu. Januari na Februari tafuta chumba chenye kivuli na sakafu ya saruji.

*Uko Muscat au Dubai.* Kwako ukavu unaletwa na kiyoyozi, mwezi ule ule ambao nje ni nyuzi 42. Kasha lisikae mbele ya upepo wake, kisahani kijazwe kila siku mbili, na uwe na chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji. Kiyoyozi kikifa mchana, zizungushie kitambaa uzipange nje ya kasha, upande mmoja tu.